Timu ya U13 (chini ya miaka 13) iko kwenye ligi, kila mzazi anataka namba kwa mwanawe. Mnawapangaje?

Kocha wa Temeke

Wakuu, habari za jioni. Naomba darasa kwa wanaofundisha timu za watoto zinazoshindana, zenye ligi na msimamo. Ushauri wa "waache wafurahie tu" nimeshaupata wa kutosha.

Timu ni U13, watoto 24, kati yao makipa watatu. Tunacheza tisa kwa tisa, dakika 30 kwa 30. Siku ya mechi tunaruhusiwa kuandika majina 16, na mchezaji anaweza kutoka akarudi. Mazoezi Jumanne, Alhamisi na Jumamosi asubuhi, mechi Jumapili. Ada ni ya mwezi.

Ugomvi uko kwa wazazi. Aliyelipa ada ya miezi mitatu kwa mkupuo haelewi kwa nini mwanawe akae benchi. Aliyetuletea mipira anataka wake acheze namba kumi, na mtoto ni beki wa kushoto mzuri kabisa. Siku ya mechi baba mmoja anafundisha akiwa nyuma ya goli, mwingine kwenye kibendera cha kona, halafu Jumapili usiku kundi la WhatsApp linawaka mpaka saa sita. Wawili wameshatishia kuhamisha watoto.

Dakika mnazigawaje bila kuua timu? Mzazi wa kelele mnamtuliza vipi bila kumdhalilisha mbele ya mwanawe? Na kikao cha wazazi, kama kina faida, mnaongea nini hasa?

Kizibao Chekundu

Kocha, anza na hesabu. Mzazi anagombania asichokiona, na dakika za mtoto wake hajawahi kuonyeshwa kwenye karatasi.

Ukimtoa kipa, uwanjani una watoto wanane kwa dakika 60, jumla dakika 480. Katika majina 16, makipa wawili, wanabaki 14. Weka sheria moja: aliyeandikwa siku hiyo hachezi chini ya dakika 20. Watu wakiisikia wanadhani umeua timu. Hebu piga: watoto watano unaowategemea wakicheza dakika zote 60, hizo ni 300. Zinabaki 180 kwa watoto tisa, 20 kila mmoja, kamili. Yaani uti wa mgongo wa timu haujaguswa, na hakuna aliyepanda daladala kutoka Kongowe kuja kutazama.

Namna ya kuitekeleza: chagua nafasi tatu zinazozunguka, gawa wale tisa kwenye vikundi vitatu vya watatu. Kikundi cha kwanza kinaanza. Cha pili kinaingia dakika ya 20. Cha tatu dakika ya 10 ya kipindi cha pili. Mabadiliko mawili tu ya watu watatu watatu, basi. Hata ukikutana na mashindano ambayo aliyetoka harudi, mpango huu unasimama, mradi waruhusu wachezaji sita kuingia.

Makosa yanayoharibu mpango huu nimeyaona kwa timu nyingi, na ni yale yale. Kosa la kwanza ni kuzungusha mstari mmoja wote, mfano viungo watatu kwa pamoja. Dakika ya 20 timu inakatika katikati kama mkate. Zungusha mmoja mmoja kila mstari: beki wa pembeni, kiungo, winga. Kosa la pili, watatu dhaifu kuwekwa kundi moja. Kocha wa upande wa pili si kipofu, atasukuma mpira upande huo dakika zote 20. La tatu ndilo kubwa: kocha anasubiri "mpira utulie" ndipo abadilishe. Mpira wa watoto hautulii. Saa mpe meneja wa timu, yeye ndiye aite majina. Wewe ukiishika, dakika 20 zitakuwa 27 na kikundi cha tatu kitaingia kucheza dakika sita.

Tatizo lako lingine ni watoto 24 kwa majina 16. Hapo hesabu iwe ya mechi sita sita. Viti 14 mara sita ni 84. Watano wako wakiwemo mechi zote wanachukua viti 30, vinabaki 54 kwa watoto 16. Kila mmoja anapata mechi tatu, na viti sita vinabaki mkononi mwako. Hivyo sita ndivyo vya kuwapa waliofanya mazoezi kwa bidii. Halafu mzunguko ukiisha, angalia upya nani wako kwenye wale watano. Wakiwa wale wale msimu mzima, mzazi ana haki ya kununa.

Daftari: jina, mazoezi aliyohudhuria, mechi alizoandikwa, dakika, namba alizocheza. Safu tano tu. Mzazi akija, unafungua ukurasa wa mwanawe.

Mzee wa Ndondo

Kizibao, hesabu tamu, ila mimi nina neno. Mashindano ni mashindano. Nusu fainali unaichezea sheria ya dakika 20? Winga anamkimbiza beki wao, saa inalia, unamtoa? Watoto wenyewe wanajua nani anajua mpira, huwezi kuwadanganya.

Ninachosema: sheria ya hatua ya ligi na ya mtoano ziwe mbili, na zote zitangazwe KABLA ya msimu. Mzazi hakasiriki sana kwa sheria ngumu. Anakasirika kwa sheria iliyozaliwa Jumamosi usiku.

Pili, usiahidi usawa. Ahidi kiwango cha chini. Ukisema "wote watacheza sawa", utakuwa mwongo mechi ya pili.

Tatu, mahudhurio. Mazoezi matatu kwa wiki: aliyekuja mara tatu yumo kwenye hesabu, mara mbili haanzi, mara moja haandikwi. Mgonjwa au mwenye mtihani haingii humo, lakini mzazi atoe taarifa kabla ya mazoezi, si baada. Na sheria hiyo imguse yule nyota wako kwanza. Siku ukimpanga nyota ambaye Alhamisi hakuja, daftari lako limekufa.

Nne, ada. Gonga muhuri kwenye risiti, au andika kwa kalamu kama muhuri huna: "Ada hii ni ya mazoezi na vifaa. Haihusiani na upangaji wa timu." Kila mwezi mzazi anasoma na kuweka mfukoni. Wa kutoa mipira na jezi naye apewe risiti na mweka hazina, ashukuriwe kikaoni mbele ya wote, na mipira iingie kwenye orodha ya vifaa vya timu. Kocha asipokee kitu mkononi, hata soda. Ukipokea mpira kwa mkono wako, namba kumi umeshaiuza.

Hapo hapo, U13 wanatumia mpira namba 4, gramu 350 hadi 390. Wafadhili wengi huleta namba 5 wa karibu nusu kilo, gramu 410 mpaka 450. Kwa watoto wadogo pasi ndefu haziendi na kupiga kichwa kunauma. Mwambieni mapema aina mnayotaka.

Kizibao Chekundu

Mzee, kwenye mtoano tuko pamoja. Shusha iwe dakika 10. Usishushe mpaka sifuri tu, kwa sababu anayejua Jumapili hatagusa mpira, Alhamisi anakuja kukata majani kwa mguu. Na wale ndio wanaowapa watano wako mazoezi ya kweli.

Mama Winga

Mimi niko upande wa umeneja na wazazi, mbinu nawaachia wenyewe.

Kikao kifanyike wiki mbili kabla ya mechi ya kwanza, uwanjani, Jumamosi mazoezi yakiisha. Kikao cha jioni siku ya kazi atakuja mama peke yake, na anayepiga kelele Jumapili ni baba. Na anayemleta mtoto mazoezini naye aalikwe, awe babu, mjomba au dada wa nyumbani, kwa kuwa ndiye anayepeleka habari nyumbani. Dakika 45 zinatosha. Zikizidi, watu wanaanza kuzungumzia timu za Kariakoo.

Kabla kocha hajasema kitu, gawa vipande vya karatasi, visivyo na jina. Swali moja: "Unataka mwanao apate nini msimu huu?" Kusanya, soma kwa sauti. Utakuta nidhamu, afya, marafiki, asikae kwenye simu, asiachwe nyuma shuleni. Kombe na kuuzwa Ulaya ni vipande vichache. Vihifadhi kwenye bahasha. Katikati ya msimu moto ukiwaka, unarudi navyo kikaoni na huhitaji hotuba.

Baada ya hapo kocha anasoma karatasi moja ya sheria: dakika za chini, mahudhurio, ada, namna ya kuuliza, mahali pa kusimama. Kila mzazi anasaini na kubaki na nakala. Lugha iwe ya kawaida. Karatasi ikiwa na maneno kama ya mahakamani, wanasaini bila kusoma.

Namna ya kuuliza: hakuna mazungumzo ya upangaji siku ya mechi, kabla wala baada. Swali linaletwa Jumanne mazoezi yakiisha, ana kwa ana, meneja akiwepo. Toka Jumapili mpaka Jumanne hasira nyingi zimeshapoa zenyewe. Na siku hiyo anazungumzwa mtoto wake tu. Akianza "mbona fulani anacheza na hajui", unamjibu kwa adabu: "Mzee wangu, wa mwenzako tutamzungumza na mwenzako. Tufungue ukurasa wa wako." Kisha unampa vitu viwili: anachofanya vizuri na anachokifanyia kazi wiki hizi tatu, kwa maneno ya kuonekana. Usiseme "aongeze bidii". Sema "akipokea mpira anautulizia miguuni badala ya mbele yake, kwa hiyo beki anamfikia. Tunalifanya kila Alhamisi dakika 15, njoo utazame". Mzazi akiondoka na kitu cha kutazama, anarudi na swali tofauti.

WhatsApp: kundi liwe la matangazo, wanaoandika ni kocha na meneja tu. Ni kubofya mara moja kwenye mipangilio. Ijumaa saa 12 jioni linakwenda tangazo moja la namna hii:

"Jumapili mechi saa 3:00 asubuhi. Kufika saa 2:00. Jezi bluu, soksi nyeusi, vilinda ugoko, njumu, maji lita moja. Walioandikwa: (majina 16). Wanane wasiokuwemo: mazoezi ya ziada kesho dakika 30 baada ya wenzao, mechi ijayo wamo hawa: (majina). Maswali: Jumanne."

Hapo kwenye "mechi ijayo wamo hawa" ndipo pana dawa. Mtoto aliyeachwa anajua zamu yake, na mama yake analala. Vikundi vya pembeni vya wazazi wenyewe watavifungua tu, usihangaike navyo, ila usiingie humo.

Picha na ujumbe: mtu mzima asiwasiliane na mtoto peke yake kwa simu usiku. Kila ujumbe upitie kwa mzazi. Safari ya mechi wawe watu wazima wawili, si mmoja.

Kelele sasa. Uingereza chama chao cha soka kimekuwa kikiweka vizuizi pembeni mwa viwanja vya watoto tangu kampeni yao ya 2008. Sisi kamba ya katani na vijiti sita vinatosha. Kamba iwe upande wa pili wa mabenchi, mita tatu nyuma ya mstari. Mzazi hasimami nyuma ya goli wala kwenye kona. Timu mwenyeji ndiyo inayofunga, na mnawaambia wageni kwa simu siku moja kabla.

Mzazi wa kelele msogelee kwa hatua. Kwanza meneja, si kocha, anakwenda kusimama karibu naye na kumpa daftari dogo na kalamu: "Baba, tunaomba utuhesabie, mwanao anatazama nyuma ya bega mara ngapi kabla ya kupokea mpira." Si ujanja mtupu. Kocha anaitaka kweli hiyo namba. Na mtu anayehesabu hana nafasi ya kupiga kelele. Akiendelea, mapumziko anaitwa pembeni, mbali na watoto, sentensi mbili. Akirudia mechi nyingine, anaandikiwa barua ya kutokuja uwanjani mechi moja. MTOTO ANACHEZA. Hili msilikosee. Ukimweka mtoto benchi kwa kosa la baba, umempa baba ushahidi na mtoto umempoteza.

Kwa nini "Piga! Piga!" inaharibu: mtoto aliyeupa mgongo uwanja anatakiwa atupe jicho nyuma ya bega kujua beki yuko wapi. Akisikia sauti ya baba, jicho linakwenda kwa baba. Mpira unafika, hajui kilicho nyuma yake, anaubutua. Baba anapiga makofi. Jumanne kocha anaanza upya.

Na njiani kurudi nyumbani, waombeni wasichambue mechi. Una njaa? Kuna panapouma? Mengine mtoto akitaka ataanzisha mwenyewe.

Goti na Kisigino

Naongezea la mwili, maana ugomvi mwingi wa namba unatoka hapo na watu hawajui.

U13 ndani yake kuna mtoto wa Januari na wa Desemba, karibu mwaka mzima kati yao. Juu ya hapo kuna aliyeanza kukua mapema na ambaye bado. Wavulana wengi kasi kubwa ya kurefuka inawajia karibu na miaka 14, wasichana karibu na 12, lakini wapo wanaotangulia na wanaochelewa kwa mwaka na zaidi. Ndiyo maana unaona "nyota" mwenye ndevu zinazochungulia na "dhaifu" ambaye bado ni kitoto, na vyeti vyote ni vya kweli. Mzazi wa yule mkubwa anaona Samatta mwingine nyumbani. Kipimo rahisi: mazoezi ya Alhamisi mpeleke kwa U15 kwa nusu saa. Kama anachotegemea ni kifua na mbio, utaona dakika ya tano. Yule mdogo mwenye akili ya mpira usimwache, akirefuka utamtafuta.

Pima urefu kila miezi mitatu. Bila viatu, visigino ukutani, asubuhi, alama kwa penseli, mtu yule yule ndiye apime. Iwe asubuhi kwa sababu jioni mwili unakuwa umesinyaa kidogo. Anayeongezeka sentimita mbili au zaidi ndani ya miezi mitatu yuko kwenye kurefuka kwa kasi. Huyo ataanza kujikwaa, kugusa mpira vibaya, kuchoka. Mzazi atasema kocha amemwua mtoto. Mwonyeshe alama za ukutani. Punguza kuruka na mbio fupi za nguvu, ongeza kugusa mpira na kusimama kwa mguu mmoja. Baada ya miezi kadhaa anarudi.

Maumivu mawili ya umri huu yajue kwa kidole. Yale ya kisigino kwa nyuma, akibanwa pande zote mbili anaruka. Na yale ya chini ya kifuniko cha goti, pale kwenye kinundu cha mfupa wa ugoko, madaktari wanaita Osgood-Schlatter. Yote mawili ni sehemu laini ya mfupa unaokua ikivutwa na msuli. Hayapoi kwa kuzidisha mazoezi. Punguza kukimbia na kuruka, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15, kunyoosha misuli taratibu. Akichechemea hachezi. Kukiwa na uvimbe, maumivu ya usiku au ya akiwa amepumzika, ni hospitali. Sindano ya kuzuia maumivu ili acheze Jumapili msikubali, hata baba akileta daktari wake.

Viwanja vyetu vingi ni udongo mgumu au changarawe. Njumu za meno marefu sita humo zinapiga kisigino kama nyundo. Viatu vya meno mafupi mengi ni bora na mara nyingi bei ni nafuu.

Jumlisheni saa za wiki. Timu yako: mazoezi matatu ya saa moja na nusu, mechi moja, ni saa tano na nusu. Shule ikiwa kwenye maandalizi ya UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, ongeza. Chandimu mtaani kila jioni. Halafu mzazi anakodi kocha binafsi. Kanuni inayotumika sana kwenye tiba ya michezo ya vijana ni kwamba saa za michezo iliyopangwa kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto. Wa miaka 12 akivuka 12, kinachokatwa kwanza ni kocha binafsi. Chandimu mwachieni, ndiko anakojifunza kupiga chenga bila kufokewa.

Joto la Dar kuanzia Desemba mpaka Machi: maji kila dakika 15, na mazoezi ya Jumamosi yaanze saa 1 asubuhi.

Msajili

Wanaotishia kuhamisha watoto: waache wahame, na barua ya kuwaruhusu watoe haraka. Timu inayoshikilia kadi ya mtoto wa miaka 12 inajulikana mji mzima ndani ya wiki. Waulize tu dirisha la usajili la ligi yenu linafungwa lini, wasije wakamwacha mtoto katikati, huku katoka na kule hajaingia.

Ila msajilini kila mtoto rasmi tangu sasa, kwenye mfumo, kupitia chama cha mpira cha wilaya na mkoa. Kwa FIFA, miaka ya malezi inaanza kuhesabiwa msimu wa kutimiza miaka 12. Mchezaji akiuzwa kimataifa kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho inagawiwa timu zilizomlea. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 ni asilimia 0.25 ya ada, wa 16 hadi 23 ni 0.5. Daftari la nyumbani halitambuliki, usajili ndio unaotambulika. Wazazi wakiuliza mnafaidika nini na watoto wao, waambieni wazi namba hizi. Siri ndiyo inayozaa uvumi kwamba kocha "amemuuza".

Mawakala. Mzazi akija na habari kwamba kuna mtu anampeleka mtoto majaribio Uarabuni au Ulaya kwa kulipia viza, mpe mambo haya kabla hajauza kiwanja. Kanuni ya FIFA, Kifungu cha 19, inakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji chini ya miaka 18, isipokuwa hali chache kama wazazi kuhama nchi kwa sababu zisizo za mpira, au wa 16 hadi 18 ndani ya Umoja wa Ulaya. Kuna na ya mpakani: nyumbani kwa mtoto kusizidi kilomita 50 toka mpaka, na klabu nayo isizidi 50 upande wa pili. Hiyo inaweza kumhusu mtoto wa Namanga, haimhusu wa Temeke. Wakala halali ana leseni ya FIFA na jina lake linatafutika kwenye tovuti ya FIFA. Hana leseni, mazungumzo yameisha.

Vijeba, yaani waliozidi umri. Wazazi wengine ndio wanaoomba mtoto "apunguzwe" miaka miwili. Mkatalieni. Cheti cha RITA, kadi ya kliniki, usajili wa shule na hati ya kusafiria, siku moja vitawekwa meza moja. Na kwa U17 wavulana kuna MRI ya kifundo cha mkono ya kupima umri, FIFA wanaitumia kwenye Kombe la Dunia la umri huo tangu 2009. Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya U17, walikwenda AFCON ya U17 Gabon mwaka 2017 kwa sababu Kongo Brazzaville iliondolewa, ilishindwa kumpeleka kwenye kipimo mchezaji aliyelalamikiwa. Timu nzima ilibaki nyumbani kwa mtu mmoja. Mzazi akiambiwa hivyo, mara nyingi hoja inaishia hapo.

Kocha wa Temeke

Asanteni sana wakuu. Kamba nanunua kesho na daftari nimeshalichora. Vikundi vya watatu nimevielewa.

Bado makipa. Wako watatu, sheria ya dakika 20 inawahusu vipi? Na yule baba wa nyuma ya goli ndiye baba wa kipa, anasema hawezi kukaa upande mwingine kwa kuwa mtoto anaogopa akiwa peke yake.

Namba Moja

Makipa wawili kila mechi, kipindi kimoja kimoja, na wapishane kuanza. Mechi sita zina vipindi 12, watoto watatu, vinne kila mmoja. Asiyedaka siku hiyo usimwache nyumbani. Mwandike kama mchezaji wa ndani kwenye kikundi cha dakika 20 pale nafasi inaporuhusu, kwa kile kiti cha ziada alichosema Kizibao. Kipa wa leo anapigiwa pasi za nyuma nyingi, dakika 20 za kucheza beki zinamsaidia kuliko nusu saa ya kurukia mipira mchangani. Kwa miaka 12 usimfunge mtoto golini moja kwa moja. Mikono yake bado haijui itakuwa na urefu gani.

Wa mtoano unaweza kumpa mmoja mechi nzima, mradi lilikuwa kwenye karatasi ile ya kikao.

Kuhusu baba: mtoto anaogopa kwa sababu nyuma yake kuna mtu anayevuta pumzi kila shuti likipigwa. Kipa anahitaji sauti moja, na itoke mbele, ya beki wa kati. Wafundishe maneno matatu tu, "yangu", "ondoa" na "tulia", wayaseme kwa nguvu mazoezini mpaka yawe mazoea. Baba mpe kazi ya kupasha mwanawe kabla ya mechi. Awarushie wote watatu, mipira 10 ya mkono ya kifuani, 10 ya chini kulia na kushoto, 10 ya juu, halafu mashuti 10 mepesi kutoka mita 10. Dakika 12 hivi. Filimbi ya kuwaita timu ikilia, anakusanya mipira kwenye wavu na kuvuka nayo kwenda upande wa kamba. Mipira ya akiba ikae naye huko huko, ukitoka nje yeye ndiye anayeirusha. Atakuwa na shughuli dakika zote 60 na nyuma ya goli hatarudi.

Goli likifungwa, kocha usimtazame kipa kwa sekunde tano za kwanza. Tazama mpira unakorudishwa katikati. Watoto wote 16 wanasoma macho yako, na kamba nzima ya wazazi pia.